Dada zetu Marekani na mtaalamu wa kumfungulia moyo

Mwaka 2016 mtafiti Heather Kugelmass alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya katika Jiji la New York. Wataalamu 320 wa tiba ya mazungumzo waliachiwa ujumbe wa sauti kwenye simu zao. Waliopiga walikuwa waigizaji. Wote walisema wana sonona na wasiwasi, wakataja bima ileile na kuomba nafasi ya jioni, siku za kazi. Kilichotofautiana ni majina na matamshi: wengine walisikika kama Wazungu, wengine kama Wamarekani weusi, wengine kama watu wa kipato cha kati, wengine kama vibarua. Miongoni mwa wale wa kipato cha kati, Wazungu waliopewa nafasi walikuwa asilimia 28, weusi asilimia 17. Waliosikika kama vibarua, wawe weusi au weupe, waliambulia asilimia 8.

Ninaanza na simu hizo kwa sababu dada zetu walioko Marekani wanaambiwa kila siku "tafuta msaada", kana kwamba kazi nzima ni mtu kukubali kwamba anaumwa. Kukubali ni kazi, tena kubwa. Lakini hata aliyekwisha kukubali, akajikaza na kupiga simu, anaweza kukataliwa kabla hajasema kinachomnyima usingizi.

Wanawake weusi wa Marekani wana sababu za zamani za kutowaamini madaktari. Katika miaka ya 1840 huko Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa mara kwa mara, bila dawa ya kuzuia maumivu, ili akamilishe mbinu yake ya upasuaji. Majina ya watatu kati yao yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Mwaka 1851 daktari mwingine, Samuel Cartwright, alidai kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilikuja kuomba radhi Oktoba 2021 kwa mchango wake katika ubaguzi wa rangi. Kwa hiyo bibi anayemkanya mjukuu wake asitoe mambo ya nyumbani kwa watu wa ofisini haongozwi na ujinga. Anakumbuka.

Waliofungua njia ni watu weusi wenyewe. Wanasaikolojia weusi waliunda chama chao San Francisco mwaka 1968, lakini idadi yao haikukua kwa kasi: mwaka 2015 walikuwa asilimia 4 tu ya wanasaikolojia waliokuwa kazini nchini humo. Mwaka 2014 Dkt. Joy Harden Bradford, mwanasaikolojia wa Atlanta, alianzisha Therapy for Black Girls, ambayo leo ina orodha ya wataalamu ambamo mwanamke anaweza kumtafuta aliye karibu naye. Mwaka 2018 Rachel Cargle alianzisha Loveland Foundation, inayowasaidia wanawake na wasichana weusi kulipia vikao vya tiba. Mwaka huohuo mwigizaji Taraji P. Henson alianzisha taasisi yenye jina la baba yake, aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akiwa na majeraha ya akili. Ninawaheshimu mno wanawake hawa. Bila wao, dada anayetua leo Texas au Ohio asingekuwa na pa kuanzia.

Ila kuanza si kufika. Mfikirie mwanamke wa Kibembe kutoka Fizi, Kongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kisha akapelekwa Lexington, Kentucky. Kwao alikuwa Mbembe, mama wa fulani, mwanakwaya. Weusi wake umekuwa habari baada ya kushuka kwenye ndege. Mtaalamu Mmarekani mweusi ataelewa mara moja anaposimulia jinsi mlinzi anavyomfuata dukani. Je, ataelewa kwa nini hawezi kuacha kutuma pesa nyumbani hata akibaki na deni la kodi ya nyumba? Au kwa nini anasema kichwa kinawaka moto na moyo unaenda mbio, wala hasemi ana huzuni? Pengine ataelewa, pengine hataelewa. Mzungu aliyekaa na wakimbizi miaka kumi anaweza kumwelewa zaidi. Rangi ya ngozi hurahisisha salamu. Kinachotibu ni mtaalamu kuuliza na kukubali kujibiwa.

Na hayo ya kuuliza hayajaachwa kwa bahati. Kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani hukitumia kutambua maradhi, katika toleo la mwaka 2013, kina mahojiano maalumu yenye maswali 16 kuhusu utamaduni. Mgonjwa huulizwa yeye mwenyewe analiitaje tatizo lake, anadhani limetokana na nini, jamaa zake wanasemaje, na amekwisha kutafuta msaada wapi. Nafasi ya kumtaja mchungaji, shehe au mganga imo humo. Unapopiga simu, muulize mtaalamu kama anayatumia mahojiano hayo. Anayekereka kwa swali hilo amekwisha kukujibu.

Lugha nayo inahitaji ujasiri. Sheria ya afya ya mwaka 2010 inazitaka hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu kumpa mkalimani mwenye sifa, bure, mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri. Kumtumia mtoto wake kutafsiri hakuruhusiwi, isipokuwa katika dharura. Hata hivyo tunajua jamii zetu ugenini zilivyo ndogo: mkalimani anayeletwa anaweza kuwa ndiye anayesimama nawe kwenye kwaya Jumapili. Omba mkalimani wa simu aliye jimbo jingine, wala usione haya. Taja pia Kiswahili chako ni cha wapi, maana cha Fizi na cha Tanga vinaweza kupishana pale hasa unapoeleza maumivu.

Wengi huuliza kwa nini wasizungumze tu kwa video na mwanasaikolojia wa Nairobi au Dar es Salaam. Leseni hutolewa na kila jimbo, na kwa kawaida mtaalamu anatakiwa kuwa na ruhusa ya kufanya kazi mahali alipo mgonjwa. Ushauri wa dada au mchungaji aliye nyumbani haukatazwi, lakini tiba yenye leseni na bima lazima itoke huko huko.

Kuna hofu inayosemwa kwa kunong'ona: nikisema yote, watoto wangu watachukuliwa. Katika kikao cha kwanza kabisa, mwombe mtaalamu akueleze siri inaishia wapi. Anawajibika kutoa taarifa akishuku mtoto anateswa au akiona maisha ya mtu yamo hatarini. Uchovu, hasira, au kulia usiku kucha si makosa ya kuripotiwa. Na hali ikizidi, namba 988 ya msaada wa dharura za akili hupokelewa saa zote nchini Marekani tangu Julai 2022.

Vikao vitatu au vinne vikipita nawe bado unamfundisha mtaalamu kwamba mama mkwe si mgeni nyumbani kwako, omba mwingine. Huhitaji kutoa sababu, wala hujamkosea mtu adabu. Omba pia kumbukumbu zako zipelekwe kwa huyo mpya, usilazimike kusimulia upya uliyoyapitia tangu mwanzo.