Mkono wa Chuma Mbele ya Kasha la Vipuri

Askari aliyetumwa stoo usiku, taa zimezimika, akatumbukiza mkono katika kasha la vipuri vilivyochanganyikana, hutoka na kile alichoagizwa bila kutambua ni kazi kubwa kiasi gani ameitenda. Vidole vyake vimepapasa, vimesukuma nati pembeni, vimekwepa ncha ya msumari, vimekamata. Kwa zaidi ya miaka arobaini wahandisi wamehangaika ili kazi hiyo ifanywe na roboti, nasi tumeona ni vema wasomaji wetu wa kambini na vituoni wajue ni kipi hasa kilichowashinda, na ni kipi kilichowakwamua.

Nguvu haikuwa tatizo. Mwaka 1961 roboti ya kwanza ya kiwandani, iliyoitwa Unimate, ilianza kutoa vipande vya chuma vyenye moto katika mashine za kusubu za General Motors huko New Jersey, Marekani, kazi yenye hatari kwa mikono ya watu. Lakini kila kipande kilifika mahali palepale, kimeelekea upande uleule, mfano wa askari katika gwaride. Zivunje safu hizo, uvimwage vipande katika kasha, na mkono ule ule wenye nguvu utashika hewa.

Viwanda vingi viliikwepa shida hiyo kwa bakuli linalotikisika, ambalo hupandisha vipande kimoja kimoja ukingoni hadi vitoke vimejipanga. Ni werevu, hatukatai. Ila bakuli hilo hutengenezwa kwa kipande cha aina moja, na kipande kikibadilika halifai tena.

Mwaka 1984 wataalamu Berthold Horn na Katsushi Ikeuchi, wa chuo cha MIT, walieleza njia ya kuipa mashine macho. Kamera moja iliangalia rundo la pete nene huku taa tatu zikiwaka kwa zamu kutoka pande tatu. Kwa kulinganisha mwanga na kivuli katika picha hizo, kompyuta ilikadiria kila sehemu imeinama upande gani, ikachagua pete iliyo juu na kuuongoza mkono.

Hata hivyo kuona si kushika. Kipande kinaweza kuonekana wazi, kumbe kimelaliwa na kingine. Au kimeegemea kona, na koleo la roboti likigonga ukuta wa kasha kabla ya kukifikia. Springi hunasana, ukivuta moja hufuatana tatu. Chuma kinachong'aa huirudishia kamera mwanga wa uongo, na chupa angavu huwa kama haipo. Tena kila kitu kinapotolewa rundo huporomoka, na hesabu yote huanza upya.

Kwa miaka mingi wahandisi waliitaka mashine itambue kwanza kila kitu, ndipo ishike. Kwa maoni yetu, hapo ndipo walipojichelewesha. Mwaka 2016 watafiti wa Google walieleza jinsi mikono ya roboti, ikifikia 14 kwa wakati mmoja, ilivyoachwa ijaribu yenyewe kushika vitu vilivyorundikwa katika trei, ikakosea na kurudia, hadi majaribio yakapita 800,000. Mikono ile ikajifunza hata kusukuma vitu kando ili ipate nafasi ya kushika, jambo ambalo hakuna aliyeiamuru. Mwaka uliofuata chuo cha Berkeley kilifundisha kompyuta kwa mifano milioni 6.7 ya kubuni, pasipo kuchosha mkono wowote.

Wakati huohuo kampuni ya Amazon, yenye maghala makubwa, iliandaa mashindano: Seattle mwaka 2015, Leipzig 2016, Nagoya 2017. Washindi wa kwanza, kutoka Berlin, hawakutegemea vidole kamwe. Walitumia mashine ya kufyonza vumbi, na kitu kikanaswa kwa hewa. Wa Nagoya walikuwa Waaustralia, ambao roboti yao ilitembea juu ya reli kama winchi ya bandarini, ikibeba mfyonzo na koleo pamoja, kwa kuwa mfuko wa nyavu hauwezi kufyonzwa: hewa hupita.

Siku hizi katika ghala lenye mitambo hiyo, roboti ikishindwa mara kadhaa huacha, na kasha hupelekwa kwa mfanyakazi aliyesimama karibu. Yeye hutazama mara moja, akatia mkono.