Tairi la Kwenda Kihambani

Ubavuni mwa matairi mengi ya A/T, yale ya kashata za wastani yaliyojaa siku hizi kwenye RAV4 na Prado za Moshi, kuna kamchoro ka mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe moja ya theluji. Mtu wa Marangu hahitaji kuelezwa: Shira, Kibo na Mawenzi, na barafu yake. Bahati mbaya aliyekachora hakuwa na habari na Kilimanjaro. Alama hiyo inasema tairi lilipimwa kwenye theluji likavuta vizuri kuliko tairi la kulinganishia. Kuhusu tope jekundu la Mamba, Kilema au Kirua haisemi neno. Herufi M+S zinazokaa jirani yake, ambazo ni za tope na theluji, zinadai kidogo zaidi: mtengenezaji huzigonga kwa kuangalia umbo la kashata tu, hata kama tairi halijaonja tope siku moja.

Shida ya dereva wa upande huu ni ya hesabu. Lami inapanda kutoka njia panda ya Himo hadi Marangu Mtoni, inaendelea mpaka lango la hifadhi lililo karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, na tawi lake linauzunguka mlima kupitia Mwika na Rombo hadi Tarakea. Hapo uko kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Ukikunja kona kuingia vitongojini umeingia kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, na ndipo unapokutana na udongo mwekundu uliotokana na miamba na majivu ya volkano, mawe yaliyochomoza katikati ya njia, mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, uliofurika ukavuka barabara, na ukuta wa migomba na masale pande zote mbili usiokuachia hata pa kugeuzia. Msitu wa upande wa kusini wa mlima hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mjini Moshi hazifiki nusu ya hizo. Gari lililoondoka mjini na vumbi linaweza kukwama kwenye tope saa moja baadaye.

Sasa ongeza Desemba. Mchagga wa Dar es Salaam anarudi nyumbani kwa Krismasi: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo. Ni zaidi ya kilomita 500 za lami, kisha mbili au tatu za mwisho za kuingia kihambani, shamba la nyumbani kwao, na mvua za vuli bado hazijakata. Kwa hesabu hiyo, zaidi ya asilimia 99 ya safari ni lami. Lakini akifika duka la matairi, kinachomjia kichwani ni aibu ya mwaka jana, alivyosukumwa na vijana wa bodaboda mbele ya mashemeji, na anaondoka na kashata kubwa kuliko zote dukani.

Kashata zenyewe, yale meno ya mpira usoni mwa tairi, zinafanya nini? Kwenye udongo laini mpira haushiki ardhi kwa msuguano kama ushikavyo lami. Kashata inazama, inaumega udongo na kuusukuma nyuma, na gari linasogea. Kwa hiyo nafasi kati ya kashata na kashata ina kazi kubwa kuliko kashata yenyewe. Udongo wa huku Vunjo unanata. Ukijaa mferejini usitoke, tairi linabaki duara la tope linaloteleza juu ya tope, na hapo hata ungelilipia laki sita ni kipara tu. Tairi la M/T, lile la tope hasa, lina mifereji mipana ili udongo urushwe nje gurudumu linapozunguka. Tairi la H/T, la barabara kuu, lina mifereji myembamba inayoziba mara moja. A/T liko katikati: linajisafisha, ila polepole. Dereva anayelijua atakanyaga mafuta kwa ustaarabu na kuchezesha usukani kushoto na kulia ili kashata za pembeni zing'ate kingo za njia, mpaka asikie tope likipiga madigadi. Sauti hiyo ni habari njema.

Upana nao huwadanganya wengi. Land Cruiser nyingi za zamani, za misheni na za serikali, zilivaa 7.50R16, tairi jembamba la inchi saba na nusu, na zilipanda milima masika baada ya masika. Pale ambapo tope ni tabaka jembamba juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hulikata na kukanyaga chini. Pana huelea juu yake. Kwenye mchanga mambo hugeuka, pana likawa bora, lakini hakuna aliyewahi kukwama kwenye mchanga akienda kumsalimia bibi Kilema.

Watu wanaogopa kupanda, na mimi nasema waogope kushuka. Ukishindwa kupanda unabaki ulipo. Ukishindwa kushuka unaenda tu, na njia nyingi za vitongoji zimepita mgongoni mwa kilima, korongo huku na korongo kule. Gurudumu lililobanwa na breki halizunguki, lisilozunguka halijisafishi, na la mbele lisilozunguka haliongozi gari hata ukikunja usukani mpaka mwisho. Ndiyo maana wenyeji huweka gia namba moja juu ya mteremko, wakaiachia injini ilizuie gari, mguu mbali na breki. Kwa kazi hii kashata za katikati hazikusaidii sana. Unapochagua A/T, pitisha kiganja begani mwa tairi, pale uso unapokutana na ubavu. Kashata zilizoteremka kidogo ubavuni, zenye kingo kali zinazofuata mwelekeo wa tairi, ndizo zinazolizuia gari lisiende upande.

Hapo ubavuni ndipo mawe nayo hufanya uharibifu wao. Pancha ya usoni si msiba: fundi atapaka povu la sabuni, mapovu yatachemka palipotoboka, atachomeka uzi wa mpira wenye gundi, nawe utaendelea na safari. Jiwe likichana ubavu, hakuna uzi wala kiraka cha kuaminika, kwa sababu sehemu hiyo hukunjwa na kunyooshwa kila gurudumu linapozunguka. A/T nyingi zina ubavu wa matabaka mazito zaidi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuzinunua kwa mtu wa huku. Tope ni la miezi michache; mawe yapo mwaka mzima.

Turudi kwenye lami, ambako tope halikuui lakini maji yanaweza. Chukua tairi lenye uso wa sentimita 20 likienda kilomita 80 kwa saa juu ya maji ya milimita tatu. Kila sekunde linapaswa kuyaondoa njiani karibu lita 13. Likishindwa, linapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Mifereji hubeba maji hayo, na vichanjo vyembamba vilivyokatwa juu ya kashata hufuta utando unaobaki, ili mpira uguse lami yenyewe. Vichanjo hivyo vilipewa hataza Marekani mwaka 1923 kwa jina la John F. Sipe. M/T zina vichache, maana kashata yenye vichanjo vingi hulegea na kumeguka kwenye mawe. Matokeo yake, gari lililovaa M/T huchukua umbali mrefu zaidi kusimama kwenye lami iliyolowa, huvuma njia nzima kutoka Chalinze, na hunywa mafuta zaidi. Kama gari lako linalala Dar es Salaam na kupanda Marangu mara moja kwa mwaka, M/T ni pambo la gharama. Hata A/T ni ya kufikiria: dereva wa Noah ambaye lami inaishia mita 400 kutoka kwake atafaidika zaidi na H/T mpya na mwavuli. Wengi huacha gari dukani kwa jirani pale barabarani wakatembea, na hakuna aliyewacheka.

Upepo una mambo yake. Tairi la RAV4 lililobeba kilo 400 likiwa na upepo wa psi 35 linagusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba kama 160, sawa na kiganja cha mtu mzima kilichofunuliwa. Ukishusha hadi 25, eneo linakaribia 230, na kashata nyingi zaidi zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Inasaidia kweli. Lakini tairi lililolegea likigonga jiwe hubana ubavu wake dhidi ya rimu, na ukirudi lamini bila kulijaza, ubavu hukunjika kupita kiasi na kuchemka. Kwenye jua la tambarare za Same, gari likiwa na abiria saba na gunia la mchele, joto hilo ndilo hupasua matairi. Asiye na pampu ndogo ya kuchomeka garini asiguse upepo.

Je, mwinuko wenyewe haubadilishi upepo? Unabadilisha, ila kwa namna ya kuchekesha kidogo. Kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu unapanda kama mita 1,000. Hewa ya nje inapungua mgandamizo, kwa hiyo kipimo kinataka kusoma juu kwa psi moja na nusu hivi. Papo hapo joto la hewa linashuka nyuzi sita au saba, hewa iliyomo ndani inasinyaa, na kipimo kinataka kushuka kwa karibu psi moja. Mawili hayo yanakaribia kufutana. Pima asubuhi tairi likiwa limepoa, basi.

Ukishaamua aina, soma namba. Kwenye Prado nyingi utakuta 265/65R17 112S: upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, R kwa mpangilio wa nyuzi ambao Michelin waliuleta baada ya Vita ya Pili ya Dunia, rimu ya inchi 17, uwezo wa kubeba kilo 1,120, mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Kuna wanaopenda kuongeza saizi ili gari liinuke. Tairi likizidi kipenyo kwa asilimia 5, spidi mita ikisoma 80 wewe uko 84, na askari wa barabarani hatataka kusikia habari za kipenyo.

Namba muhimu kuliko zote ni nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Hukauka, huwa mgumu, na nyufa ndogo huanza chini ya kashata. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi ni baya kuliko jipya la H/T, na muuzaji atakayekuambia, "Meku, hili linapanda hata vibanda vya Mandara kule mlimani," muombe kwanza akuonyeshe namba hizo. Kagua pia kama mifereji haijachongwa upya kwa kisu cha moto. Mfereji uliochongwa una kingo zisizo sawa na sakafu iliyokwaruzwa, na vile vinundu vya alama ya TWI, ambavyo vikilingana na kashata maana yake imebaki milimita 1.6 tu, vinakuwa vimekatwa. Chini ya hapo ni nyaya za chuma.

Matairi tuliwahi kuyatengeneza wenyewe. Kiwanda cha General Tyre Arusha, ubia wa Serikali na Continental ya Ujerumani, kilizalisha matairi kwa miongo kadhaa hadi uzalishaji uliposimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na mashamba ya mpira bado yapo, kama lile la Kihuhwi, Muheza. Malighafi hiyo haijapitwa na wakati: utomvu wa mti hustahimili kuchanika kuliko mpira mwingi wa viwandani, na ndiyo maana matairi ya malori na ya kazi ngumu huwekewa zaidi.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linaloharibu magari mengi. Watu hununua mawili, wakayafunga kwenye magurudumu yanayovuta. Kama Noah yako inavuta mbele, ukiweka kashata mbele na kuacha vipara nyuma, siku ya mvua kona za kushuka kuelekea Himo mkia utataka kukutangulia. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote, matairi yenye mzingo tofauti hulazimisha difu na viungo vyake kuzunguka bila kupumzika, mpaka vichemke. Nunua manne. Kisha inama uangalie chini ya gari au nyuma ya mlango: mara nyingi spea ni lile lile lililokuja nalo kutoka Japani, saizi nyingine, halijaguswa na upepo tangu bandarini. Likifungwa, liendeshe taratibu hadi kwa fundi wa karibu tu. Kama mfuko unaruhusu, nunua matano, na la tano lipimwe upepo pamoja na mengine.