Je, Wajua? Shabu Katika Tangi Lisilo Lake
Tarehe 6 Julai 1988, dereva wa lori alimwaga tani 20 za salfeti ya alumini, jamaa ya shabu tunayotulizia tope majini, kwenye tangi lisilo lake huko Lowermoor, Cornwall, Uingereza. Maji ya kunywa yaliyochafuliwa hivyo yaliwafikia watu wapatao 20,000. Wapo waliotapika, wapo walioota vidonda mdomoni. Wakaambiwa maji ni salama. Ukweli ulitangazwa baada ya zaidi ya wiki mbili. Ni ukatili kumficha mama kile anachomnywesha mwanawe! Mwaka uliofuata, 1989, mamlaka za maji za Uingereza na Wales zilibinafsishwa, na 1990 kikaundwa chombo cha kukagua maji ya kunywa. Kampuni za maji hupima maji yao zenyewe. Wakaguzi wa chombo hicho huhakiki, na wanaweza kuishtaki kampuni inayosambaza maji yasiyofaa.