Ukaguzi wa magari: cheti kinathibitisha nini hasa?

Kila mjadala wa kukagua magari ya kibinafsi ukianza hapa Kenya, upande mmoja hulia "usalama barabarani", wa pili "njia nyingine ya kutunyonya". Mimi naanza na swali lingine: cheti chenyewe kinapima nini?

Chukua Subaru Impreza WRX, ile ya turbo tunayoisikia kabla ya kuiona. Uingereza, gari hili likishatimiza miaka 3 hupimwa kila mwaka kwa mtihani wa MOT. Linapoangukia panajulikana: diski za breki zilizolika, bushi zilizochoka, tairi zilizoisha upande wa ndani juu mwenyewe ameshusha gari. Halafu ekzosi. Vijana hung'oa kile kifaa cha kusafisha moshi ili gari lingurume, na hilo pekee linatosha kulifelisha.

Lakini MOT haifungui injini. Klachi na giaboksi haiangalii kabisa. Tena cheti kinasema habari za siku ile tu. Kesho ukirudisha ekzosi yako ya kelele, nani atajua?

Wenzetu walichoweza ni uwazi. Ukiwa na namba ya gari tu unasoma historia yake ya MOT mtandaoni, bure: lilifeli nini, lilikuwa limetembea umbali gani. Mita ikirudishwa nyuma inaonekana. (Mnunuzi wa Nairobi angelipia hiyo huduma!)

So mwanasiasa akileta hoja hii, msibishanie ada peke yake. Mwulizeni matokeo yatawekwa wapi tuyaone.