Nani Anasema, Nani Anaona? Insha ya Usimulizi Isiyoishia "Nafsi Zote Tatu"

Ukisahihisha majibu ya fasihi ya kidato cha nne au cha sita, ukifika kwenye mtindo utakutana na sentensi moja, mwanafunzi baada ya mwanafunzi: "Mwandishi ametumia nafsi zote tatu." Zinafuata nukuu tatu zenye namba za kurasa, halafu basi, tunahamia tamathali za semi. Nilipitia rundo la madaftari ya namna hiyo wakati wa BTP, na siwacheki wale wanafunzi hata kidogo. Desa walilosomea limeandikwa na watu waliopita vyuoni kama sisi. Mwakani baadhi yetu tutasimama mbele ya ubao na kulirudia lilivyo, tusipoangalia.

Kosa lenyewe ni dogo ukilitazama. Mwanafunzi anawinda neno "mimi" ndani ya kitabu. Analikuta mahali ambapo mhusika anamwambia mwenzake kwamba yeye hataki kuolewa, analinukuu, anaandika "nafsi ya kwanza". Lakini yale ni mazungumzo! Riwaya yoyote yenye watu wanaoongea lazima iwe na "mimi" na "wewe" ndani ya alama za kunukuu. Kwa kipimo hicho kila riwaya ina nafsi zote tatu, na jibu linaloenea kila kitabu halijasema kitu juu ya kitabu ulichoulizwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyaweka mazungumzo pembeni na kusikiliza sauti inayobaki, ile inayosema "akaondoka", "mvua ilikuwa inanyesha", "nikamtazama". Hiyo ndiyo sauti ya msimulizi. Nafsi yake ndiyo unayoitafuta.

Jambo la pili ni kutofautisha mwandishi na msimulizi. Hapa wengi tunateleza mpaka mwaka wa tatu, semina nzima mtu anasema "Kezilahabi anasema hapa kwamba..." Hapana. Katika Kichwamaji (1974) anayesema ni Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, mwenye hasira zake na mambo yake ya kuficha. Euphrase Kezilahabi ndiye aliyemtunga. Kwamba wote wawili wametoka upande wa Ukerewe na wote wamesoma chuo kikuu hakumfanyi Kazimoto kuwa msemaji rasmi wa mwandishi. Ukiwachanganya, utajikuta unamlaumu mtunzi kwa maneno ya mhusika, au mbaya zaidi, unamwamini mhusika kwa sababu umedhani ni mtunzi.

Sasa tufike penye utamu. Kuna anayesema, na kuna anayeona, na si lazima wawe mtu mmoja. Chukua sentensi hizi nilizojitungia: "Juma aliingia sebuleni. Baba alikuwa amekasirika." Na hizi: "Juma aliingia sebuleni. Baba alionekana amekasirika." Zote ni nafsi ya tatu. Ila ya kwanza imeingia moyoni mwa baba na kutoka na taarifa kamili. Ya pili imesimama mlangoni pamoja na Juma, inasoma uso tu. Neno moja, "alionekana", limetuhamisha kutoka kwa msimulizi maizi, yaani anayejua yote, kwenda kwa msimulizi anayeazima macho ya mhusika mmoja. Mwanafunzi anayeandika "nafsi ya tatu" na kuweka nukta hapo ameiacha sehemu yenye maksi.

Na Kiswahili kinatusaidia sana kuligundua hili, kuliko tunavyofundishwa. Tafuta "kumbe". Kila ukilikuta nje ya mazungumzo, jiulize: nani ameshtuka? Msimulizi anayejua yote hana sababu ya kushtuka. Ikiwa simulizi inasema kumbe mlango haukuwa umefungwa, kuna mtu aliyedhani umefungwa, na sisi tuko ndani ya kichwa chake. Tafuta "eti". Msimulizi akisema fulani alichelewa, eti gari liliharibika, ametupa maneno ya fulani huku akitukonyeza tusiyaamini. Angalia pia "huyu" na "yule", "hapa" na "pale". Angalia "alikuja" na "alikwenda", maana anayesema "alikuja nyumbani" amejiweka nyumbani, na anayesema "alikwenda nyumbani" yuko kwingine. Hivi ni vitu vya sarufi tulivyovisoma kwenye kozi za isimu tukavifungia huko huko, kana kwamba fasihi inaandikwa kwa lugha nyingine.

Mfano mzuri wa kulinganisha ni Kezilahabi huyo huyo. Rosa Mistika (1971) inasimuliwa katika nafsi ya tatu. Msimulizi anazunguka nyumba ya Zakaria na Regina pale Namagondo, anatuonyesha baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, anatuonyesha mama, anamfuata Rosa mpaka shuleni na chuoni. Kwa kuwa haongei mtu mmoja tu, msomaji anaweza kugawa lawama: ukali wa Zakaria, wanaume waliomtumia Rosa, na maamuzi ya Rosa mwenyewe. Hebu jaribu kuiwazia hadithi hiyo ikisimuliwa na Zakaria. Au na Charles. Ingekuwa kesi nyingine kabisa, na sidhani kama Rosa angepata utetezi.

Miaka mitatu baadaye anaandika Kichwamaji na kufanya kinyume: anatufungia ndani ya kichwa kimoja. Kazimoto anamchukia Manase, rafiki wa utotoni aliyekuja kuwa mkubwa serikalini na aliyempa mimba Rukia, mdogo wake. Nasi tunamchukia pamoja naye, maana hatuna macho mengine. Kisha Kazimoto anaanza kumwinda Sabina, dada yake Manase, kwa kulipiza kisasi. Hapo msomaji makini anapaswa kukaa wima. Huyu tuliyekuwa tunamwamini anataka kumtendea msichana wa watu kile kile anachomlaani Manase kwa kukitenda, na anatueleza kwa sauti ile ile ya mtu mwenye haki. Baadaye anamwoa Sabina, na balaa lililoipata nyumba ya Manase, la mtoto kuzaliwa na kichwa kikubwa, linaipata na nyumba yake. Wanaume wawili ambao msimulizi alitaka tuwaone tofauti wanaishia kufanana.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo insha. Huhitaji nyingine. Msimulizi wa nafsi ya kwanza anaweza kusema ukweli wote anaoujua na bado asiaminike, kwa sababu hajioni. Na Sabina je? Hatuingii akilini mwake hata siku moja. Tunajua anachosema mbele ya Kazimoto na namna Kazimoto anavyokielewa, basi. Insha inayouliza Sabina alijua nini, na kwa nini hatuwezi kujua, imeuelewa usimulizi kuliko ile iliyoorodhesha nafsi tatu na nukuu tatu.

Nafsi ya kwanza nayo haina sura moja. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kongowea Mswahili anasimulia maisha yake tangu utoto. Hapo kuna "mimi" wawili, mtoto anayepitia mambo na mtu mzima anayeyakumbuka, na mara nyingi mtu mzima anajua kitu ambacho mtoto hakukijua. Ukikuta maneno kama "wakati ule sikujua", umeshika mshono kati yao. Kwa wanaofundisha kidato cha sita, Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) ni nafsi ya tatu, lakini mwanzoni msimulizi anakaa zaidi upande wa Yasmini aliyeozwa kwa mzee Raza. Waulize wanafunzi wako kwa nini hakukaa na Raza. Darasa litaamka.

Kuhusu kuandika kwenyewe, usianze na maana ya usimulizi. Msahihishaji anaijua. Anza na dai linaloweza kubishiwa, kwa mfano: "Kumfanya Kazimoto awe msimulizi kunamfanya msomaji ashiriki kisasi chake kabla ya kukihukumu." Mtu anaweza kusema si kweli, ndiyo maana inafaa. Halafu chagua matukio mawili, usizidishe matatu, na kila tukio ulisogelee mpaka kwenye neno: msimulizi amesema nini, amekificha nini, angekuwa mwingine angesema nini. Ukikwama, chukua aya moja ya riwaya uiandike upya kwenye karatasi ya pembeni kwa nafsi nyingine. Badilisha "nikamtazama" kuwa "akamtazama" uone kinachobomoka. Usiipeleke kwa mwalimu, ni ya kwako. Kinachobomoka ndicho cha kuandika. Na nukuu ziwe fupi. Mistari saba ya kitabu ikifuatiwa na "hii inaonyesha nafsi ya kwanza" ni kujaza karatasi tu.

Mkimaliza, kuna swali ningependa mlichukue semina, kwa sababu mwalimu yeyote atakayefundisha Kichwamaji ataulizwa na mtoto mmoja machachari wa nyuma. Kazimoto anajiua. Alikuwa anasimulia kwa "mimi" tangu mwanzo. Sasa alikuwa anatusimulia akiwa wapi, na alimsimulia nani? Fungueni kurasa za mwisho, mtafute ni sentensi gani ambayo yeye hangeweza kuisema.