Fahamu: Jinsi seva ya tovuti inavyofuatiliwa

Seva ya tovuti, yaani kompyuta inayopokea maombi ya vivinjari na kuyajibu, hufuatiliwa kwa njia mbili zinazokamilishana: logi, ambazo ni maandishi yanayorekodi kila tukio, na vipimo, ambavyo ni takwimu zinazochukuliwa kila baada ya muda maalumu ili kuonyesha mwenendo.

Katika programu ya Nginx, kila ombi huacha mstari mmoja kwenye faili la access.log, wenye anwani ya aliyeomba, saa, ukurasa ulioombwa na msimbo wa jibu. 200 humaanisha ombi limefanikiwa, 404 ukurasa haukupatikana, na 502, ambao ndio wa kutia wasiwasi zaidi, kwamba programu iliyo nyuma ya seva haikutoa jibu linalofaa. Logi zisipozungushwa na logrotate, inayofunga faili la zamani na kufungua jipya, huweza kuijaza diski na kuiangusha seva ileile zilizowekwa kuilinda.

Vipimo huweza kukusanywa na Prometheus, programu iliyoanza kutengenezwa katika kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, ambayo huifuata seva yenyewe badala ya kusubiri kuletewa takwimu, kisha programu ya Grafana huzichora. Tahadhari, yaani ujumbe anaotumiwa fundi kuhusu hitilafu, inafaa itegemee dalili anazoziona mtumiaji, kama vile majibu kuchelewa, kwa kuwa prosesa iliyoelemewa kwa dakika mbili si lazima iwe tatizo, na fundi anayeamshwa usiku bure hatimaye huzima simu.

Mfumo wa ufuatiliaji usikae ndani ya seva inayofuatiliwa: Facebook ilipozimika tarehe 4 Oktoba 2021, zana zake nyingi za ndani za kuchunguza hitilafu nazo zilikatika.