Mbu wa chooni: jua anavyopumua, ndipo utamuweza

Wiki hii tuzungumzie ugonjwa ambao sisi watu wa mwambao tunaufahamu sana lakini tunaona haya kuutaja, nao ni matende na mabusha. Wapo wanaosema ni kurogwa, na wapo wanaosema ni kunywa madafu mengi. Ukweli ni kuwa huletwa na minyoo myembamba kama uzi, na minyoo hiyo huenezwa na mbu. Katika miji yetu anayehusika zaidi ni yule mbu wa rangi ya kahawia anayelia sikioni usiku, ambaye mara nyingi amezaliwa katika shimo la choo chetu wenyewe.

Ukimtazama mbu huyu alivyoumbwa, anavyokula na anavyokua, utaona wapi pa kumkamatia.

Anavyonyonya damu

Dume hanyonyi damu, yeye huishi kwa utamu wa maua. Jike ndiye mwenye kuhitaji damu ili mayai yake yakomae. Mdomo wake si sindano moja kama tunavyodhani. Nje kuna ala, na ndani ya ala mna sindano sita nyembamba kuliko unywele. Anapouma, ala hubaki nje ikijikunja kama upinde, na sindano peke yake ndizo huingia. Mbili zina meno kama msumeno, mbili husaidia kupanua njia, moja hupitisha mate ya kuzuia damu isigande, na moja ndiyo mrija wa kunyonyea. Kichwani mna pampu mbili za kuvutia damu.

Sasa zingatia jambo hili. Vimelea vya malaria huingia mwilini pamoja na mate ya mbu. Minyoo ya matende haiingii hivyo. Yenyewe hutoka katika ile ala iliyojikunja, ikadondokea juu ya ngozi, kisha hujitafutia tundu iingie. Njia hiyo ni ngumu, na mingi hupotea. Ndiyo maana kwa kawaida mtu haambukizwi kwa kuumwa siku moja, bali kwa kuumwa mara nyingi mno, kwa miezi na miaka. Maana yake ni kuwa ukiwapunguza mbu nyumbani kwako, hata usipowamaliza, tayari umeipunguzia familia yako hatari.

Anavyokua

Jike hutaga mayai 100 hadi 200 au zaidi kwa pamoja, yamesimama wima na kushikamana kama chelezo kinachoelea. Baada ya siku moja au mbili hutoka viluwiluwi. Kiluwiluwi hana miguu, huogelea kwa kujipindapinda huku na huku. Mdomoni ana brashi mbili za nywele ambazo huzipeperusha ili kuvuta uchafu na vijidudu vilivyomo majini, ndicho chakula chake. Kwa hiyo maji machafu ya choo kwake ni karamu.

Ngozi yake ni ngumu, haikui pamoja naye. Kila inapombana huivua, mara nne, mpaka anapogeuka kuwa kama alama ya mkato. Hapo hali tena, anasubiri tu kuota mbawa. Katika joto letu, tangu yai hadi mbu anayeruka huchukua kama siku 10 tu.

Lakini siku zote hizo, ingawa anaishi majini, hawezi kupumua maji kama samaki. Anahitaji hewa. Mkiani ana mrija, na ncha yake ina vifuniko vidogo visivyolowa. Uso wa maji una mvutano kama ngozi nyembamba, ndiyo maana sindano ya kushonea ukiilaza taratibu huelea. Kiluwiluwi huutumia mvutano huo: hufungua vifuniko vyake juu ya maji, akaning'inia kichwa chini, akavuta hewa. Ukimzibia mlango huo, anakufa bila sumu yoyote.

Makunduchi walivyofanya

Hilo ndilo lililofanyika Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980. Watu waligawiwa dawa ya minyoo, na mashimo ya vyoo yenye maji yakamwagiwa punje nyepesi nyeupe, za jamii ya ile plastiki inayopakiwa pamoja na televisheni mpya. Punje hizo huelea na kutanda juu ya maji. Viluwiluwi hukosa hewa, na mbu jike hukosa pa kutagia. Katika miaka 5, watu wenye vimelea katika damu walishuka kutoka asilimia 49 hadi asilimia 3. Katika mji mwingine uliopewa dawa peke yake, vimelea vilianza kurudi baada ya miaka michache. Mjini Zanzibar nako, mashimo 3,844 yalipotiwa punje hizo, mbu majumbani walipungua kwa takriban asilimia 65.

Tufanye nini?

Ndugu msomaji, sisi hutumia maji chooni, na twahara haiachwi. Kwa hiyo mashimo yetu hayakosi maji, na jukumu letu ni kubwa zaidi.

Kwanza, ziba nyufa zote za shimo la choo na karo, tundu liwe na kifuniko, na bomba la hewa lifungwe wavu. Maji ya kuogea yasielekezwe katika shimo la choo. Vyoo vya misikiti na madrasa visisahauliwe. Punje zile zinafaa katika shimo lililofungwa tu, kwani mtaroni zitasombwa na maji.

Pili, mtungi, pipa na birika la udhu vifunikwe, vimwagwe na kusuguliwa kila wiki, maana mbu wa homa ya dengi hupenda maji safi. Wiki moja haimtoshi kukua.

Tatu, laleni ndani ya chandarua, kwani mbu huyu huuma usiku. Dawa za matende zinapogawiwa mtaani, zimezeni kama mnavyoelekezwa.

Ama aliyekwisha kuvimba mguu, asijifiche. Auoshe kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe vizuri hasa baina ya vidole, na auinue anapopumzika. Mabusha hutibika kwa upasuaji. Mgonjwa huyo hakuroga wala hakurogwa. Aliumwa na mbu, na yawezekana mbu huyo alitoka chooni kwa jirani.

Wabillahi tawfiiq.